Filamu, dokumentari, Bongo Fleva au hotuba ya redio: ukifundisha mwaka wa kwanza kuandika, shika kipi?

Walimu wenzangu wa stadi za mawasiliano hapa Mwanza, na nyie mnaofundisha uandishi kwenye vyuo vya ualimu huku kanda ya ziwa, hii naiandika kwa mtu ambaye ameshakubali kwamba filamu, muziki na mambo ya mtaani yanafaa darasani ila amekwama kwenye kuchagua, maana muda ni mdogo, darasa limejaa mpaka wengine wanasimama dirishani, na projekta ni ya kugombania na idara zingine. Ntalinganisha vitu vinne ambavyo navijua vizuri na ntasema wazi kipi naona kinabeba darasa na kipi ni cha kupita nacho haraka.

Ila kwanza tujue tunarekebisha nini. Mtoto anatoka kidato cha sita anajua kuandika insha ya pointi sita, kila aya imeanza na kwanza, pili, tatu, utangulizi ni maana ya neno kwa mujibu wa kamusi, hitimisho ni "kutokana na hoja nilizozieleza hapo juu", na ukimuuliza sasa wewe mwenyewe unasema nini, na unamwambia nani, anakuangalia tu. Akili anazo nyingi tu, lakini miaka yote hiyo msomaji wake alikuwa msahihishaji mmoja asiemjua, mwenye kalamu nyekundu, kwahiyo hajawahi kumwandikia mtu. Huyohuyo mkute nje anabishana Simba na Yanga, ana msimamo, ana ushahidi wa mechi ya lini na goli la nani, anajua lini apandishe sauti na lini amtanie mwenzie ili wanaosikiliza wahamie upande wake. Aristotle alishayagawa haya zaidi ya miaka 2300 iliyopita, kwamba watu wanakubali kwa sababu wanamwamini anaesema, au wameguswa, au hoja yenyewe imesimama, na watoto wetu yote matatu wanayo tayari mdomoni. Kazi iliyobaki ni kuyashusha kwenye karatasi. Ukiweka filamu kwa lengo hilo utachagua tofauti kabisa na yule anaeweka filamu ili Ijumaa mchana ipite.

Tuanze na filamu ndefu. Vyuo vya Marekani vina kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza tangu mwishoni mwa karne ya 19, Harvard ndio wanatajwa sana kwenye historia hiyo, na filamu wameshazitumia miaka mingi, kwahiyo ukitafuta mapendekezo utakuta mengi ni yao na jina litakalokuja mapema ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Watu 12 wamefungiwa chumba kimoja waamue kama kijana kamuua baba yake. Kura ya kwanza 11 wanasema ana hatia, mmoja tu, ambae ni Henry Fonda, anasema jamani tuongee kwanza.

Kwa kufundisha hoja mi sijaona filamu inayoizidi hiyo. Kuna kile kisu kilichotumika kuua, wenzake wanakichukulia kwamba ni cha aina yake, hakipatikani kirahisi, Fonda anaingiza mkono mfukoni anatoa kinachofanana nacho kabisa na kukichoma mezani pembeni ya kile cha kwanza. Angalia alichofanya, hajasema kijana hana hatia, amebomoa jambo moja tu kwamba hakuna kingine kama hicho, na chumba kizima kinabadilika. Halafu yule mzee shahidi aliyesema alitoka kitandani mpaka mlangoni kwa sekunde 15 akamwona kijana anakimbia, mzee mwenyewe anachechemea, basi wanapima umbali humo humo ndani, mtu anatembea kwa kuchechemea, wanaangalia saa, inazidi sekunde 40. Mwanafunzi akishaona hivyo anaelewa ushahidi ni kitu gani kuliko kurasa zote za madesa anayokopi kwa waliomtangulia.

Shida zake sasa. Ina dakika 96, kipindi chako umepewa saa moja, labda mawili kama ratiba imekupenda. Kiingereza ni cha New York cha haraka, watu wanakatizana, na nusu ya darasa inabaki kusoma maandishi ya chini badala ya kuangalia nyuso. Utaratibu wenyewe wa raia 12 kuamua kesi sisi hatuna, sisi tunajua hakimu, jaji na wazee wa baraza, kwahiyo muda mwingi unaishia kueleza hawa ni akina nani na kwanini wamefungiwa mlango. Darasa la sheria wanaipenda na wanaimudu yote. Kwa wengine wote chukua kipande cha kisu peke yake, kiwekwe mara mbili, basi.

Ukitaka filamu ndefu ya kwetu ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, na hii ina faida ambayo ya Marekani haina, kwamba riwaya ya Adam Shafi wengi wameshaisoma sekondari, wanakuja na ubishi wao, kwanini Yasmin, mhusika mkuu, yuko hivi, kwanini sehemu fulani imerukwa. Ni nzuri sana kwa insha ya kulinganisha. Kwa insha ya kushawishi haisaidii sana maana filamu yenyewe haijaribu kukushawishi wewe kitu, inakupitisha tu kwenye maisha ya watu, na mwanafunzi asiejua tofauti hiyo atakuandikia muhtasari wa stori kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hilo ndilo tatizo kubwa la filamu za hadithi kwa ujumla, muhtasari unakuja wenyewe.

Sasa cha pili, dokumentari, na hapa nataka tukae kidogo. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, dakika 107, imepigwa hapahapa Mwanza. Ndege kubwa za mizigo zinatua uwanja wetu, zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, filamu inadokeza kwamba wakati wa kuja huwa zina silaha, na huku chini wanaonyeshwa watoto wa mitaani, wavuvi, wasichana wanaokaa na marubani, na mapanki, yani vichwa na mifupa ya sangara vilivyobaki kiwandani, yameanikwa kwenye vichanja juu ya matope. Mwaka 2006 iliingia kwenye walioteuliwa kugombea Oscar upande wa dokumentari, na mwaka huohuo Rais Kikwete aliilaumu hadharani na hapa mjini watu waliandamana kuipinga. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kuishambulia, ikafika mpaka mahakamani, Sauper akashinda kesi ya kukashifiwa. Yani una filamu moja, na tayari kuna watu wanne au watano waliobishana nayo kwa njia tofauti, kwa hotuba, kwa miguu barabarani, kwa kitabu, kwa wakili. Mwalimu wa uandishi unataka nini tena?

Wanafunzi wetu wa sasa wengi walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wananyonya wakati huo, wanaikuta kama kitu kipya. Mi naweka kipande cha mapanki bila sauti, wanaandika wanachokiona tu, wasiandike wanachofikiri. Mara ya pili naweka na sauti. Halafu ndio nauliza, huyu mtu anataka uamini nini, na amekupa nini cha kukufanya uamini.

Binti mmoja aliyekulia Kirumba, nyumbani kwao wanauza dagaa, aliandika sentensi ya kwanza hivi: "Filamu hii ni ya uongo kwa sababu inaidhalilisha Mwanza." Nikamuuliza uongo uko wapi, nionyeshe kwa kidole. Akakaa kimya muda mrefu, kipindi kikaisha. Wiki iliyofuata alileta hivi: "Mapanki nimeyala na nimeyaona yakianikwa, picha sio ya uongo. Tatizo linaanza pale picha ya mapanki inapowekwa jirani na picha ya ndege, ili niamini kwamba ndege hizo zinakuja hapa na silaha, na silaha yenyewe hajanionyesha." Hiyo ni sentensi ya mtu aliyeanza kuandika kweli. Amekubali kinachokubalika, amepata mahali penyewe hoja inapoyumba, na amelitaja kosa bila kutukana. Darasa likamgeukia, mwingine akasema lakini kuna rubani anakiri mle ndani kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, je ushahidi wa mdomo wa mtu mmoja kuhusu Angola unatosha kuituhumu Mwanza? Tukabaki hapo kipindi kizima na wala sikujuta.

Kijana wa Ukerewe yeye aliandika upande mwingine kabisa, kwamba ni rahisi kumkasirikia mzungu mwenye kamera kuliko kukasirikia jambo alilolipiga picha, minofu inatoka kiwandani inapanda ndege na sisi wa kando ya ziwa tunabaki na vichwa na mifupa. Na yeye nilimpa alama nzuri. Mwalimu ukiiweka filamu hii ukitaka darasa zima litoke na jibu moja la kuitetea Mwanza umeharibu, na ukitaka litoke na jibu la kuisifia filamu umeharibu vilevile, mwachie nafasi anaekubaliana nayo na anaepinga, wote wawe na kazi moja ya kuonyesha kwa kidole.

Kuna na somo la sababu moja kubebeshwa kila kitu. Filamu inaegemea sana kwenye sangara kwamba aliletwa ziwani akamaliza samaki wengine, na kweli sangara aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakapotea. Ila ziwa nalo lilikuwa linabadilika, mbolea na udongo kutoka mashambani, maji machafu ya miji, maji yakawa mazito na oksijeni ikapungua kule chini, baadae magugu maji yakafunga fukwe, wataalamu wa samaki wanayataja haya yote kwa pamoja. Mwanafunzi wa Mwanza anaweza kulipima hili mwenyewe, akaenda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, akakaa na mzee anaekumbuka furu, akasikia, akarudi na nukuu yake. Hakuna filamu ya nje itakayompa hiyo nafasi. Tena mtoto ambae babu yake ni mvuvi, ambae chuoni huwa anakaa nyuma kimya, siku hiyo yeye ndio mwenye mamlaka darasani, wenzake wanamuuliza mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanauzwaje, nyavu za macho gani zinaruhusiwa, na unamwona jinsi anavyoanza kuandika kama mtu anaejua kitu.

Tahadhari yangu moja, filamu hii inaumiza. Kuna vifo, kuna ukimwi, kuna watoto wanavuta moshi wa plastiki walizochoma. Usiweke yote. Chagua dakika zako mapema, ziangalie mwenyewe hadi mwisho, na uwaambie wanachokwenda kuona.

Cha tatu ni Bongo Fleva. Hapa gharama ni sifuri, simu na spika ndogo ya bluetooth vinatosha, umeme ukikatika unaendelea, na wimbo una dakika nne au tano kwahiyo unaweza kuusikiliza mara tatu kwenye kipindi kimoja, jambo ambalo filamu haikupi. Ndiyo Mzee ya Professor Jay mi naiona ni hazina kwa somo la hadhira na sauti. Msemaji ni mwanasiasa yuko jukwaani anaahidi, na watu wanaitikia ndiyo mzee. Msanii mwenyewe hasemi popote kwamba wanasiasa waongo, anamwacha mgombea aongee mpaka ajimalize mwenyewe kwa ukubwa wa ahadi zake. Waambie wanafunzi waandike aya moja kwa sauti ya mtu ambae hawakubaliani nae, wasimtukane, wamwachie aongee. Utapata aya bora kuliko zote za muhula. Halafu unawaambia kwamba mwaka 2015 Professor Jay aligombea ubunge wa Mikumi akashinda, wimbo ni uleule maneno ni yaleyale, je mnausikiaje sasa? Hapo suala la nani anaongea na anaaminikaje linaingia bila kulazimisha.

Na kwa sababu tuko Mwanza usimsahau rapa Fid Q, ni wa kwetu, mistari yake imebana, kila neno lina kazi, na mwanafunzi aliyezoea kujaza kurasa kwa "ni ukweli usiopingika kwamba" akijaribu kubana aya yake iwe na msongamano ule anaanza kufuta maneno yeye mwenyewe. Kasoro ya nyimbo ni kwamba haziwezi kukufundishia ushahidi. Wimbo hauleti namba wala shahidi, unaleta picha na sauti, ukitegemea nyimbo tu muhula mzima utapata waandishi wenye mdomo mzuri wasioweza kuthibitisha kitu.

Cha nne hotuba. Mwalimu Nyerere mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yameshaingia Kagera, huku upande wa pili wa ziwa hili hili, anaongea na taifa na anasimamisha vita nzima kwenye maneno matatu, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kila Mtanzania anayajua. Chukua hayo matatu uwaulize, akiondoa moja inakuwaje? Bila sababu amekuwa mchokozi, bila uwezo amekuwa mtu wa maneno, bila nia ni ripoti tu. Hapo umefundisha mpangilio wa hoja kwa dakika kumi na hukuhitaji hata projekta. Ukipata muda ongeza Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere mwenyewe ya tamthilia ya Shakespeare, ile hotuba ya Antoni kwenye mazishi ya Kaizari, maana hapo wanaona kwamba aliyeongea kwa taifa alikuwa amekaa na kazi ya Antoni sentensi kwa sentensi. Hotuba inamshinda wimbo kwa hoja na inamshinda filamu kwa muda. Ila inachosha haraka, ukizidisha hotuba ya pili na ya tatu wanaanza kuandika kama wanasiasa, ndugu wananchi kila aya.

Matangazo ya mitandao ya simu, vichekesho vya TikTok, picha za utani za WhatsApp, maandishi ya nyuma ya daladala, vyote vinafaa kwa dakika tano za mwanzo wa kipindi, havizidi hapo. Vinaisha haraka na mwezi ujao hakuna anaevikumbuka.

Kitu pekee cha pembeni ambacho ningekipa nafasi zaidi ni filamu za DJ, zile zinazotafsiriwa kwa Kiswahili kwenye vibanda umiza, watu wa mialoni wanazijua vizuri sana. DJ hatafsiri neno kwa neno, anasimamisha, anaeleza, anamuita adui jina la mtaani, anaruka asichokiona na maana kwa waliokaa mbele yake. Lufufu alijenga jina kwa kazi hiyo. Wape wanafunzi dakika tatu za filamu ya nje wazieleze mara mbili, mara ya kwanza kwa mvuvi wa Igombe, mara ya pili kwa mhadhiri wao, kwa maandishi. Tofauti ya hizo karatasi mbili ndiyo somo la hadhira lenyewe.

Sasa uchague vipi. Swali la kwanza sio unapenda nini, ni kasoro gani imekuzidi kwenye asaimenti za mwaka jana. Kama walikuwa hawana msimamo, anza na wimbo, maana kuongea kwa sauti ya mtu mwingine kunawafanya waione yao. Kama hoja zinatapakaa, hotuba. Kama wanasema mambo bila kuthibitisha, kisu cha 12 Angry Men au dokumentari, na kati ya hizo mbili mi nachukua dokumentari bila kusita kwa sababu yule Fonda hawawezi kumhakiki, wanampigia makofi tu, ila Mwanza ya Sauper wanaweza kutoka nje wakaihakiki kwa macho yao na kwa wazee wao.

Swali la pili ni lugha. Chuoni tunafundisha na kusahihisha kwa Kiingereza, najua kuna wanaoamini wimbo wa Kiswahili ni kupoteza muda wa Kiingereza. Mi sikubaliani nao kabisa. Mtoto akibishana kwa Kiswahili anafika mbali, ukimlazimisha aanze kufikiri kwa Kiingereza anarudi kwenye sentensi alizokariri sekondari, zile za "nowadays". Yule binti wa Kirumba sentensi yake ilizaliwa kwa Kiswahili, ndio akaipeleka Kiingereza, na ikafika ikiwa hai. Kwahiyo mjadala Kiswahili, rasimu ya kwanza vyovyote anavyotaka, rasimu ya mwisho Kiingereza na hapo ndio unakuwa mkali na sarufi.

Kwa mwenye darasa la watu 200 na hana projekta, nenda na hotuba wiki za mwanzo, wimbo katikati, na kipande kifupi cha dokumentari uwarushie kwenye grupu la darasa waangalie kwa simu wawili wawili, weka ubora wa chini ili bando lisiwaumize, hasa boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likiwa limechelewa. Mwenye darasa la 30 na chumba chenye pazia anaweza kuanza moja kwa moja na sangara na akakaa nae hata wiki nne.

Na asaimenti ya mwisho usiandike "jadili". Wape mtu wa kumwandikia, Sauper mwenyewe, diwani wa kata yao, mama anaeanika dagaa Kirumba, mhariri wa gazeti, kila mmoja achague wake na amtaje juu ya karatasi kabla hajaandika mstari wa kwanza, halafu wewe ukisahihisha soma kwa macho ya huyo aliyetajwa na pembeni uandike ni sentensi ipi ingemfanya aendelee kusoma na ni ipi ingemfanya aiweke chini.